Ahadi na Taslimu

Kazi yangu ni kuandika vichekesho, na tangu niolewe sijawahi kukosa malighafi. Nimeandika magazetini, nimewaandikia wachekeshaji wa redioni, na Jumamosi nyingi utanikuta nimeshika kipaza sauti kwenye kicheni pati ya mtu, Tabata au Mbezi, namchekesha bibi harusi mtarajiwa asije akalia kope za bandia zikabanduka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfanya mtu awe mtaalamu wa ndoa. Ila wadada wakishacheka vya kutosha kuhusu mume wangu, wanaamini najua wa kwao yuko wapi. Hapo ndipo simu zinapoanza.

"Anti, samahani kwa usumbufu. Nimepata mtu. Nikuulize kitu kimoja?"

Haijawahi kutokea kikawa kimoja. Nampenda lakini sijui kama ananipenda. Ananipenda lakini hajanipeleka kwao. Amenipeleka kwao lakini mama yake kanipa kisu na vitunguu vya watu hamsini. Nawajibu wote, na majibu yangu yote nayatoa sehemu moja ambayo siyo kitabu cha dini wala cha saikolojia. Ni daftari la michango ya harusi.

Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi tangu ubinti wangu. Kipaji chenyewe ni kidogo tu: naweza kumdai mtu hela huku anacheka, na mtu anayecheka anapata shida kukasirika. Ukoo ukagundua hilo, kazini wakagundua, mtaani wakagundua, na tangu hapo kila anayeoa ananikabidhi daftari kabla hajanikabidhi kadi.

Wanaoishi huku Dar wanavijua vikao hivi. Jumapili saa kumi jioni, bustani ya baa Sinza, viti vya plastiki vimepangwa duara. Mwenyekiti ni bosi wa mtu au mjomba mwenye sauti. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita ambazo hakuna anayezisikiliza. Halafu inafika zamu ya ahadi. Kila mtu anasimama, anataja jina, anataja uhusiano wake na bwana harusi, anataja kiasi, anapigiwa makofi kulingana na kiasi. Mimi naandika. Daftari langu lina safu tano: jina, namba ya simu, ahadi, taslimu, salio.

Kuna kikao kimoja alisimama kaka mmoja, shati jeupe limekaa kwenye mabega hadi ukatamani kumwuliza fundi wake. Funguo za gari alikuwa ameziweka mezani, tena upande wenye nembo ukiangalia juu. Akasema: "Mimi sina maneno mengi. Niandike milioni moja. Na vinywaji vikipungua, mwenyekiti, usihangaike kumtafuta mtu mwingine." Bustani ililipuka. Kuna mama alipiga kigelegele, naye hakuwa hata mwanakamati, alikuja kula mishkaki yake. Kesho yake nilipata simu za wadada watatu, kila mmoja kwa njia yake ya kuzunguka, wanataka kujua yule kaka ana mtu au hana.

Kikao hichohicho alisimama kijana fundi alumini, mwembamba, akasema elfu sitini, akakaa. Makofi yake yalikuwa yale ya kumalizia ukurasa.

Sasa njooni kwenye safu ya nne. Fundi alumini alileta elfu ishirini kikao kilichofuata. Kikao kingine akaleta kumi. Halafu akanitumia ujumbe, naukumbuka kwa sababu ni nadra mno: "Dada mweka hazina, wiki hii kazi imekwama, mteja hajalipa. Nitamalizia tarehe 5." Tarehe 5 simu yangu ikalia, zimeingia thelathini zilizobaki, pamoja na ya kutolea. Kwa upande wa kaka wa milioni, safu ilibaki nyeupe. Nilimpigia hadi mtandao ukanifahamu. Wiki ya harusi alijibu mara moja tu, maneno mawili: "Nipo saiti." Siku ya harusi alikuja. Alikaa meza ya mbele, alikula ndafu, alicheza na mama mzazi wa bibi harusi, na picha zake ndizo zilizotoka vizuri kuliko za wote.

Wale wadada watatu niliwaambia kuhusu fundi alumini. Wa kwanza aliniuliza, "Anti, elfu sitini?" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mende. Wa pili alisema atafikiria. Wa tatu alifikiria kwa vitendo, na siku hizi ana nyumba Chanika yenye madirisha mazuri kuliko ya mtu yeyote mtaani kwao.

Msinielewe vibaya, hapa sihubiri umaskini. Nimeona wenye milioni wakilipa kabla kikao hakijafungwa, na nimeona wenye elfu kumi wakihama mtaa. Ninachoangalia ni umbali kati ya safu ya tatu na ya nne, na kile mtu anachosema pale umbali unapokuwa mkubwa. Yule kijana hakuwa na hela, lakini alikuwa na tarehe. Mwanamume asiye na hela mwenye tarehe unaweza kupanga naye maisha. Asiye na tarehe, hata akiwa na hela, utakuwa unampigia naye yupo saiti.

Kwa hiyo mdada akinipigia, ananieleza jinsi anavyoitwa malkia, jinsi alivyoahidiwa Zanzibar mwezi wa kumi na mbili, namuuliza: taslimu amelipa nini? Siulizii hela peke yake. Alisema atakuja Jumamosi, alikuja? Alisema atakupeleka kwa dada yake Morogoro, mmekwenda? Alisema atamwambia rafiki yake aache kukuita shemeji kwa ile sauti, amemwambia? Wengi wananyamaza kidogo, halafu wanasema, "Lakini anti, ananipenda." Sawa, hiyo tumeshaiandika, iko safu ya tatu.

Tuje kwenye simu, maana uchumba wa Tanzania umehamia kwenye miamala. Mwanamume anayekutumia elfu ishirini kavu na anayekutumia elfu ishirini na ya kutolea ni watu wawili tofauti, na tofauti yao haipo kwenye zile shilingi. Huyu wa pili amekufikiria hadi ukiwa umesimama dirishani kwa wakala. Mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza na nchi nzima ikalalamika, nilipata ushahidi mwingi wa kutosha. Kuna wanaume walitumia tozo kuachana na watu. "Mpenzi, nitakuletea mkononi, hawa wanatukata sana." Mkono wenyewe haukufika. Wengine waliongeza juu yake bila hotuba. Tozo zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, lakini wale wa mkononi bado wako njiani.

Na kwa kuwa nimeshika daftari lazima niwe mwadilifu: sisi nasi tuna safu zetu. Binti anatumiwa nauli ya kutoka Mbagala hadi Bunju, anaila, anazima simu, jioni anaweka picha ya chipsi kuku. Kisha huyohuyo ananipigia kuniuliza wanaume waaminifu wameishia wapi. Wameishia Bunju, mwanangu, wamekaa kituoni wanakusubiri. Mimi kula nauli nakucheka kama mwandishi, maana imenipa skiti nyingi, lakini ukweli wake ni kwamba ulitoa ahadi ukala taslimu. Hutaki kwenda, sema hutaki. Mwanamume anayeaibika kidogo leo kwa kukataliwa vizuri anaweza kuwa bwana mikopo wa benki yako kesho, na dunia hii ni ndogo kuliko Kariakoo.

Kuhusu mume wa mtu sitakaa sana, mada hii imeshasemwa hadi kwenye kanga. Nitatoa dalili chache tu nilizokusanya kwa wateja wangu. Anapatikana saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ratiba ya ofisi. Sikukuu zote ana msiba. Simu yake imelazwa kifudifudi. Ukimpigia usiku anapokea kwa sauti ya ukali kidogo, "Eeh fundi, hiyo gesi tutaongea kesho," na wewe unakaa gizani unajua kwamba kuanzia hapo jina lako ni Fundi Gesi. Mdada mmoja alinisimulia hilo analia. Nilimuuliza, sasa bado unaendelea naye? Akasema, "Anti, lakini ananijali." Nikamwambia basi angalau amdai hela ya mtungi.

Yule wa mtandaoni, mhandisi wa meli, mjane, mzungu mwenye mbwa, aliyekutumia zawadi ambayo imekwama uwanja wa ndege na inahitaji laki nne za ushuru: huyo hatuna haja ya kumjadili. Safu yake ya tatu imejaa almasi. Ya nne unalipa wewe.

Kinachonikera kwa dhati, na hapa nitakaa kidogo, ni kicheni pati. Naisema nikiwa ninaila, maana ndiyo inayonilipia ada za watoto. Tunakodi ukumbi, tunavaa sare za kitenge, bibi harusi mtarajiwa anaingizwa amefunikwa, tunamfunua kwa shangwe, tunamjazia masufuria, friji, jiko la gesi, mazulia. Halafu wanapanda akina mama mmoja mmoja kumfunda. Usimnyime. Simu yake usiiguse. Akirudi usimuulize alikuwa wapi, muulize kama ameshakula. Ukigombana naye usihadithie jirani. Ndugu zake ni ndugu zako. Saa nne nzima tunamfundisha binti jinsi ya kumtunza mtu, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kama mtu mwenyewe anamfahamu.

Siku moja nikiwa MC nilichomekea swali katikati ya utani. Nikamwambia bibi harusi, haya mwanangu, tukupime kabla hatujakukabidhi. Bwana ni Simba au Yanga? Akajibu. Anavaa kiatu namba ngapi? Akajibu. Mboga asiyoila? Bamia. Ukumbi unapiga makofi. Nikauliza, anadaiwa na nani?

Kimya. Akacheka kidogo, akamwangalia msimamizi wake. Msimamizi akamwangalia mama mkwe mtarajiwa. Mama mkwe mtarajiwa akaanza kutafuta kitu kwenye pochi. Nikaokoa jahazi kwa kumwita DJ, tukacheza. Lakini nilipokuwa nakunja waya zangu usiku ule, kuna mama alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniuliza mimi swali lile mwaka ule, nisingekuwa nakatwa mkopo wa kausha damu hadi leo." Mume wake alikuwa amekopa kulipia harusi yao. Wameanza ndoa wanalipa keki.

Sasa swali lile nimelifanya la kudumu, ila nampa binti faraghani kabla ya siku. Nenda kamuulize anadaiwa nini. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa serikali, jueni mapema kwamba akiajiriwa mshahara wake unakatwa asilimia 15 kila mwezi hadi deni liishe. Hiyo siyo siri ya aibu, ni hesabu ya unga. Kama ana mkopo wa bodaboda, wa kikundi, wa programu ya simu inayowatumia ujumbe majina yote kwenye simu yake, uujue. Na wewe mwambie ya kwako, pamoja na ile michezo mitatu ya upatu unayocheza kwa siri.

Wazee wa pwani walikuwa na utaratibu ambao sisi wa ukumbini tumeubakiza nusu. Binti alikuwa na somo wake, kungwi wake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Zanzibar walimjua pia kwa unyago, aliwafunda mabinti. Somo hakuwa mtu wa usiku mmoja. Alikufunda, akakusindikiza harusini, na mambo yakiharibika mwaka wa tatu ulikuwa na mlango wa kugonga usiku. Mimi MC saa sita nakunja waya, nachukua bahasha, naita bajaji. Ukinipigia mwaka wa tatu nitakupokea, lakini nitakuwa nimeshasahau sura yako. Ndiyo maana nawaambia mabinti: kabla hujachagua rangi ya sare, chagua mtu mzima mmoja atakayekuwa wako. Awe na ndoa au alikuwa nayo, haijalishi. Awe tu mtu ambaye mume wako atamwonea haya.

Kuna wakati nilitafuta vichekesho kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hii ya Tanzania Bara. Nilidhani nitapata kurasa mbili za kuchekesha, nikajikuta naandika dondoo. Kumbe sheria nayo ni mweka hazina.

Kwa mfano, kifungu cha 69 kinaruhusu kumshtaki mtu aliyekuahidi ndoa akakuacha. Wadada wakisikia hivyo wanasimama. Kaeni. Fidia haiwezi kuzidi hasara uliyoipata kwa gharama ulizoingia kwa sababu ya ahadi ile. Ulishalipia ukumbi, gauni, kadi, lete risiti. Machozi, kukonda, na miaka yako ya ujana hayana risiti. Nilimsomea hayo mdada mmoja aliyeachwa wiki mbili kabla ya sendi ofu. Akauliza, "Na zile nywele nilizosuka?" Nikamuuliza kama msusi alimpa risiti. Tulicheka mpaka akapata hamu ya kula.

Kubwa zaidi ni hili la kuishi pamoja. Mtaani wanasema ukikaa naye miaka miwili wewe ni mke. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitishwa kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo watu waliwahesabu kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba walioana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Akitokea mama kutoka Songea na cheti cha ndoa kilicholaminishwa, ile miaka yako minne ya kumpikia mtu inaanza kutafuta mashahidi. Mahakama bado inaweza kukusaidia kwenye mali na watoto, sikatai, ila utakuwa unajieleza, na mwenzako anasoma.

Mnaopika na kufua bila mshahara, kuna kesi ya mwaka 1983 ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Tangu hapo hakuna mwanamume anayeweza kusimama mahakamani akasema tu "huyu alikuwa mama wa nyumbani" akaketi. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa kuwa mahakama iliona hela aliyopewa na mumewe kuanzisha biashara aliitapanya. Ameshinda hoja, amekosa mgawo, na wanawake wa nchi nzima tunakula jasho lake hadi leo. Mimi ningeitunga hiyo, mhariri angeniambia nimezidisha.

Halafu kuna siku 21. Sheria inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili au mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla, itangazwe, mwenye pingamizi ajitokeze. Kanisani ndiyo zile Jumapili za kusomewa majina. Mwanamume anayetaka mfunge haraka, kimyakimya, kwa mtu anayemfahamu yeye, "mambo ya matangazo ni ya kizamani," mimi huwa nampenda sana. Naona kichwa cha makala kinajiandika. Na mkifika kwa msajili, soma kile unachotia saini: ndoa ni ya mke mmoja au inaruhusu wengine? Ya Kiislamu na ya kimila sheria inaichukulia kuwa ni ya wake wengi au yaweza kuwa hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, nyingine ni ya mke mmoja. Yote ni halali. Kinachovunja nyumba ni kugundua ukiwa na mimba ya pili.

Mtauliza mimi nilimpima vipi wa kwangu. Kwa blanketi.

Kwetu ni Muheza, na siku ya posa wajomba zangu walikuwa wamejiandaa kumfilisi mshenga. Alipigwa faini ya kuchelewa. Akapigwa faini ya kukunja nne mbele ya wazee. Akapigwa faini ya kujibu kabla hajaulizwa, na alipouliza kosa lile linaitwaje, akapigwa faini ya kuuliza. Mimi nipo chumba cha nyuma na dada zangu, sikio ukutani, tunahesabu. Baada ya hapo ndipo wakaanza mahari yenyewe: kilemba cha baba, mkaja wa mama, na blanketi la bibi.

Wale jamaa hela ikawaishia kwenye blanketi. Mshenga akatoka nje kupiga simu, akarudi, akasema, "Wazee wangu, kijana anasema blanketi hana leo. Anaomba aandikwe." Mjomba wangu mkubwa akaguna, akasema wote husema hivyo, mahari haiishi, akaandika. Tukaoana. Tukapata mtoto. Hakuna aliyelidai lile blanketi, na ukoo mzima ulikuwa na madeni ya namna hiyo tangu enzi za mkonge.

Mwezi wa saba mmoja, wa baridi, tuko tunakwenda kumsalimia bibi, mume wangu akashuka kwenye basi na mfuko wa plastiki mkubwa ambao hakutaka nimsaidie kubeba. Alipofika alivua viatu, akapiga goti, akasema, "Shikamoo bibi. Nimeleta lile la kwenye karatasi." Bibi akalitoa, akalifunua lote juu ya mapaja, akapitisha vidole kwenye pindo hadi mwisho, akalinusa. Akasema, "Hili la Kichina. Lakini limefika." Akamwita mjomba atafute ile karatasi, na mjomba, kwa mshangao wetu wote, alikuwa nayo, ndani ya Biblia, akalikata jina kwa kalamu.

Mume wangu ana kasoro ambazo zimenilisha miaka yote hii, kuanzia kukoroma hadi kuamini kwamba rimoti ikipotea nimeificha mimi, na ninaziuza moja moja. Anapozisikia redioni ananidai soda. Nampa.

Limebaki swali la wadada ambao hawana mtu wa kumpima, na shida yao kubwa kwa kweli siyo wanaume, ni mashangazi. Shangazi hana msimu. Utamkuta harusini, utamkuta ubatizo, na hata msibani, marehemu bado hajatoka ndani, anakuvuta pembeni kwa kiwiko. "Mwanangu, na wewe lini? Mwenzio ana wawili." Mnaniuliza mjibu nini, wengine mmeacha kwenda kwenye shughuli za ukoo kabisa.

Nitawapa dawa niliyoitumia mwenyewe kabla sijaolewa. Nilikuwa msibani Korogwe, shangazi yangu amenikaba kwenye ukuta wa jiko, ananihesabia wenzangu kwa majina. Nikamsikiliza kwa adabu zote hadi mwisho. Halafu nikatoa daftari kwenye pochi, maana nilikuwa natembea nalo, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu jina langu na "Kamati ya Harusi".

"Shangazi, umeongea la maana sana. Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye uchungu nami, nianze na wewe. Nikuandike shilingi ngapi?"

Akaangalia daftari. Akaangalia kalamu. Akasema chai inamwagika, na kule jikoni hakukuwa na chai. Nikamwita kwa sauti ya watu kugeuka: "Shangazi! Kiasi!" Ikabidi ataje, elfu hamsini, mbele ya waombolezaji. Kuanzia siku ile alikuwa akiniona kwenye shughuli anaamkia upande wa pili wa turubai.

Niliolewa, alikuja, alikula. Mwanangu wa kwanza sasa yuko kidato cha tatu. Salio lake ni elfu hamsini.